Pale Hema Lilipokuwa

Kendal, 4 Mei 1993

Mwanangu Rowena,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Mimi sijambo, ila goti hulalamika mvua ikikaribia, na huku kwetu mvua haikomi kukaribia. Mwisho wa mwezi nitapiga hema Wasdale, kwenye shamba la Bi Thwaite, kama tulivyozoea na mama yako. Ni mara ya kwanza tangu tumzike. Nitafika Ijumaa tarehe 28, niondoke Jumatatu. Njoo, kazi ikikuruhusu.

Baba yako

Bristol, 15 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Sitaweza kuja. Nikisema ni kazi tu nitakuwa nakudanganya. Mama ndiye aliyeongea kwa niaba yetu sote. Tukikaa wawili mbele ya jiko la gesi, tutasemezana nini? Nisamehe.

Mwanao, Rowena

Kendal, 9 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Barua yako niliipata. Nilikwenda Wasdale peke yangu.

Jumapili nilipanda mlima, ukungu ukashuka, nikapotea. Nikateleza, kifundo cha mguu kikateguka. Nilikaa nyuma ya ukuta wa mawe tangu saa tano mpaka saa kumi, nikipiga filimbi mara sita, ishara ya kuomba msaada, natulia dakika moja, napiga tena. Kondoo tu ndio waliogeuka kunitazama. Mwisho akatokea mama mmoja mchunga kondoo na mbwa wake.

"Mzee, nani anajua uko huku?"

"Hakuna."

"Basi kichwa chako kigumu kuliko cha hawa kondoo."

Akanikokota hadi chini. Kesho yake asubuhi mumewe akanirudisha nyumbani. Mguu unapona. Swali la yule mama ndilo linaloniuma.

Baba yako

Bristol, 12 Juni

Baba,

Pole sana. Kuna jambo sikukuambia. Jumatatu ile nilikuja. Nilitoka alfajiri, nikafika Wasdale saa sita mchana. Bi Thwaite akaniambia, "Wewe ndiye binti yake? Ameondoka asubuhi. Aliniomba nafasi ya pembeni yake nisimpe mtu." Ya mguu hakuyataja; labda ulimkataza.

Kendal haikuwa mbali. Lakini nilisimama pale hema lako lilipokuwa, majani bado yamelala, nikageuza gari kurudi Bristol. Niliogopa kuikuta nyumba bila Mama.

Siahidi kuja. Ila kila ukienda, niandikie uko wapi. Akikuuliza mtu tena, nitaje mimi.

Mwanao, Rowena

Kendal, 30 Julai

Rowena,

Natumai hujambo, mimi natembea vizuri sasa. Ijumaa ijayo hadi Jumapili nitakuwa Eskdale, kambi ya karibu na daraja la mawe, hema la kijani. Jumamosi nitapanda mlima wa Harter Fell kupitia kijiji cha Boot. Nitakuwa peke yangu. Nikishuka nitatia kadi kwenye sanduku la posta pale kijijini. Utaipata Jumanne, ujue nimeshuka salama.

Baba