Malewa ndani ya Divai ya Etna

Alhamisi, Jinja

Eti malewa! Wiki nzima nimekariri kitabu cha divai: Sisilia, mlima wa moto Etna, mizabibu ya huko juu kwenye baridi, udongo mweusi wa majivu. Nambozo, mhudumu mwenzangu kutoka Mbale, hakufungua hata ukurasa mmoja.

Leo mchana mgeni alituuliza divai hiyo ina ladha gani. Nikaanza kumweleza urefu wa mlima. Akapiga miayo. Nambozo akanusa glasi, akasema, "Bwana, hii inanukia malewa. Yale ya kwetu mlimani, yanayokaushwa kwa moshi."

Machipukizi ya mianzi, chakula cha kupika na karanga! Nilimwonea aibu. Lakini mgeni akaomba aletewe malewa kutoka jikoni, akanusa huku, akanusa kule, akacheka, akaagiza chupa ya pili. Meneja akamkabidhi Nambozo ufunguo wa stoo ya divai. Ufunguo wangu, niliousomea wiki nzima.

Nilimpa hongera kwa mdomo tu. Hiki ni kijicho, nakijua.

Baadaye nikabaki jikoni na glasi ya mgeni, tone moja limebaki chini. Nikanusa ili nihakikishe ni upuuzi.

Moshi. Malewa kabisa.

Glasi ile nimeiosha mara tatu.