Mnanaa wa Juu ya Bati

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi cha shemeji sasa kinamwachia nafasi ya kulala. Huku Mama mzima. Nami ni mzima kiasi cha mtu mwenye jambo rohoni.

Unajua Mama aliteguka mkono, kwa hiyo mavuno ya bustani ya nyuma yaliniangukia mimi. Alinipa masharti kana kwamba ananiozesha binti yake: mnanaa ukatwe umande ukishakauka, kabla haujatoa maua, uanikwe stoo, kivulini, juu ya shuka, ugeuzwe polepole kama mtoto aliyelala. Nikaitikia, ndiyo, Mama. Alipokwenda kliniki kufungwa mkono, nikaupandisha wote juu ya bati. Jua lile! Kufikia jioni kazi imekwisha, na mnanaa nao umekwisha: rangi ya tumbaku, harufu ya ufagio. Nikaujaza kwenye chupa zake, nikasubiri kufokewa.

Mama akafungua chupa, akazamisha pua, akafumba macho. Akasema sasa nimekuwa mtu, hata wewe hujawahi kumkaushia hivi.

Nilipaswa kusema. Badala yake nikavimba kichwa. Fundi cherehani wa jirani alipokuja, akapewa chai ya mnanaa, akainusa, akanitazama mimi, akauliza kama siku hizi tunachemsha mkeka. Mama akamwambia ulimi wake umekufa kwa kulamba nyuzi. Fundi akainywa yote, kwa adabu tu. Mimi nikacheka kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pua ya Mama haifanyi kazi tena. Nikanyamaza, Dada, kwa sababu ikijulikana, sifa yangu nayo inazikwa. Miaka yote wewe ndiye mfano, mimi ndiye wa kutumwa dukani. Nilitaka nikae kidogo pale juu.

Juzi nimeingia jikoni, harufu ya gesi ikanipiga mlangoni. Jiko limefunguliwa, halijawashwa. Mama yuko mezani anachambua majani ya mrehani huku anaimba, kibiriti kando yake. Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha. Akanigombeza kwamba naachia upepo upeperushe majani yake.

Nikamwambia yote: bati, pua, gesi. Hakufoka. Aliivuta ile chupa, akanusa tena, taratibu, akaniuliza kwani mnanaa huu unanuka nini. Nikamwambia, ufagio, Mama. Akauliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu chai ya fundi. Akakitazama kile kibiriti muda mrefu. Afadhali angenizaba kibao.

Sasa mtungi naufungua na kuufunga mimi. Mama anakusalimu sana. Anasema usihangaike na zawadi. Ukija, kabla hata hujamwamkia, uingie kwanza jikoni, umnusie.

Mdogo wako,
anayeona haya hata kuandika jina.