Siku Mia Tatu Bila Kengele

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi kama kawaida. Tumesimama duara, chai mkononi, Meneja Masinde katikati. Nimefuta 285 ubaoni nikaandika 286. Siku 286 bila kengele. Watu wakapiga makofi.

Kengele yenyewe ipo ukutani, karibu na mlango wa karakana. Kampuni imetundika moja kila tawi. Ukiona kasoro kwenye gari, vuta kamba. Kazi yote inasimama, ripoti inaenda kiwandani siku hiyohiyo, na hakuna wa kulaumiwa. Ndivyo tulivyofundishwa. Ubao wa kuhesabu siku haukutoka makao makuu, ulitoka kwangu. Niliona tawi likikaa muda bila kengele ni tawi linalofanya kazi safi. Masinde akaupenda, akalipeleka wazo makao makuu, na sasa matawi yote yanahesabu. Tarehe 17 wageni wanakuja Kitale kutupa kikombe cha siku mia tatu. Nimeagiza shati jipya.

Pikapu tatu mpya zimefika kutoka kiwandani. Nitazikagua kesho.

Jumanne, 4 Machi

Kasoro. Ukikata usukani wote kushoto, paipu ya breki ya mbele inagusa chuma. Nikadhani ni gari moja. Nikalala chini ya la pili, la tatu. Zote.

Ilikuwa nivute kamba. Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye hiyo kengele. Badala yake nikaenda ofisini kwa Masinde, na najua kwa nini nilienda. Nilitaka anikataze.

Akanikataza. "Barasa, zimebaki siku kumi na tatu tu, bana. Si ufunge tu hiyo paipu na kamba ya plastiki? Wageni wakienda tutaandika ripoti."

Nimefunga. Kamba tatu, zile nyeusi tunazofungia nyaya. Nikatia sahihi fomu tatu za ukaguzi.

Alhamisi, 6 Machi

Pikapu zimeondoka. Moja kwa mkulima wa Tongaren. Moja kwa mwalimu mstaafu wa Kamukuywa. Ya tatu kwa Mama Nafula, anayeuza vitunguu na nyanya soko la Chwele. Yuko na mke wangu Rose kwenye chama cha akina mama kanisani, na ni Rose aliyemwambia aje kwetu. Amekuja na Wekesa, mdogo wake, ndiye dereva. Mama Nafula akaniuliza mbele ya watu kama gari iko sawa. Nikasema gari kama hii ningempa mama yangu.

Hakuna aliyeniomba niseme hivyo. Neno hilo nimelitoa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mama Nafula ametuletea kuku. Mweupe, mnono, miguu imefungwa kwa kitambaa safi. Ati shukrani ya kumpa gari nzuri. Kwetu sisi mtu hakupi kuku hivihivi, ni heshima ya anayekuamini. Rose amefurahi mpaka akaimba. Anataka tumchinje Pasaka. Nikasema tumwache atage kwanza. Siwezi kula huyo kuku.

Jumatano, 12 Machi

Kengele imepakwa rangi. Kamba ilikuwa inaning'inia vibaya, Masinde akaamuru ikunjwe na kufungwa juu, isije mtu akaigusa kwa bahati mbaya wageni wakiwepo. Nani alipanda kuifunga? Mimi.

Nimechaguliwa pia kuwaeleza wageni utamaduni wa kazi wa tawi letu. Dakika tano. Nimeandika "ukweli kwanza" kwenye karatasi, nikaichana.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu asubuhi simu ya Rose. Gari ya Mama Nafula imekosa breki kwenye mteremko wa Kamukuywa. Imeingia mtaroni na mzigo wote. Wekesa amevunjika mguu. Mama ameumia mbavu. Wako hospitali Bungoma. Wazima.

Bredauni, lile gari la kuvuta, imeileta kwetu mchana. Nililala chini yake kabla mtu hajanitangulia. Kamba ya plastiki imekatika. Paipu imesagika, ina tundu ningeweza kupitisha kalamu. Nilipotoka, Masinde alikuwa amechuchumaa pembeni anaangalia palepale. Halafu akasema barabara ni mbovu na yule dereva alikuwa anakimbiza. Akaita watu, wakaisukuma nyuma ya karakana, wakaifunika turubai. Mpaka wageni waende.

Zimebaki mbili barabarani. Namba za simu za wenyewe ziko kwenye fomu, ndani ya droo yangu. Nilifungua droo mara tatu. Sikupiga. Naandika hivi ili siku moja nisijidanganye kwamba sikukumbuka.

Jumamosi, 15 Machi

Nilienda Bungoma. Nilimkuta Mama Nafula kitandani, na yeye ndiye aliyeniambia pole. Mimi! "Pole, mwanangu. Najua hata wewe imekuuma, gari umekagua na mikono yako."

Hasira yake yote iko kwa Wekesa. Ukoo mzima umemgeukia. Wanasema alikuwa amelewa, wanasema alisinzia, wanasema hatashika usukani wa mtu tena. Yuko wodi ya wanaume, mguu umening'inizwa. Alinishika mkono. "Nirikanyaga breki, ndugu. Haki ya Mungu nirikanyaga, ikaenda mpaka chini." Alitaka mtu mmoja tu amwamini. Na mbele yake alikuwa mtu pekee aliyejua anasema kweli.

Nikamwambia apone haraka. Ndicho nilichosema. Wakaninunulia soda, nikainywa yote.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Rose tumbo. Kuku ametaga yai la kwanza. Rose amenikaangia. Nimempa mbwa.

Mkulima wa Tongaren ana watoto wanne. Aliniambia siku alipochukua gari, kwamba watakuwa wanapanda nyuma kwenda shule.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni watatu. Shati jipya. Ubaoni 300, nimeiandika mimi kwa chaki nyekundu. Kikombe na keki mezani juu ya kitambaa. Masinde akasema sasa Bwana Barasa, mkaguzi wetu mkuu, atatueleza.

Sikueleza. Nilivuta sanduku la spana, nikapanda, nikaanza kufungua fundo nililofunga mwenyewe. Lilikuwa limekaza. Watu wote wananitazama mgongo. Lilipoachia nikavuta.

Sikujua ina sauti kali hivyo. Siku mia tatu hatujawahi kuisikia.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho. Masinde akacheka na kupiga makofi kuliko wote, na hapo ningeweza kushuka, nikatabasamu, nikala keki. Nakiri nilifikiria. Ilikuwa sekunde moja lakini nilifikiria. Nikavuta tena, nikaendelea kuvuta mpaka makofi yakaisha.

Nikawapeleka nyuma. Nikavua turubai. Vitunguu bado vilikuwa vimekwama kwenye bodi. Nikawaonyesha paipu, nikawaambia zipo nyingine mbili, na kwamba nilijua tangu tarehe nne. Kisha nikapiga zile simu mbili mbele yao. Mwalimu alipokea. Nikamwambia asiitoe hata getini. Wa Tongaren hakupokea. Nikapiga mara kumi na moja. Alipopokea alikuwa shambani, gari iko nyumbani. Nikakaa chini, kwenye mafuta yaliyomwagika, na shati langu jipya.

Jumanne, 18 Machi

Magari yameletwa kwa bredauni. La mwalimu, kamba bado imeshika. La Tongaren, kamba imekatika na paipu imesagika, imebaki nyembamba kama utando.

Mmoja wa wageni, mama mfupi wa miwani, alishinda kwenye simu akiuliza matawi mengine. Eldoret wameiona kasoro hiyo na wamefunga kamba. Kakamega wamefunga. Kisumu wamefunga. Kila tawi lina ubao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi sifuri. Akaniuliza kama najua wazo la ubao lilianzia wapi. Nikamwambia.

Hakuna aliyekunywa chai na mimi. Masinde ameambiwa abaki nyumbani. Mimi nasubiri barua. Nilipotoka nikafuta ubao. Sikuandika namba yoyote.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Nafula ametoka hospitali. Nimeenda Chwele na kuku, miguu imefungwa kwa kitambaa kilekile. Rose alinikatalia. Alisema kumrudishia mtu kuku ni kumtukana. Nikamwambia sitaki kumtukana, ni kwamba tu sina haki ya kumfuga huyo kuku.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeshapita Bungoma kwa Wekesa. Nilimwambia ulikanyaga, breki haikuwepo, na mimi nilijua. Aligeukia ukuta akalia. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

Mama Nafula nilimkuta uani kwenye kiti, kifua kimefungwa bendeji. Nilimweleza yote nimesimama. Shemeji zake wawili walikuwepo, nikahakikisha wamesikia sehemu ya Wekesa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ile nakuuliza kama gari iko sawa, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

Nikaweka kuku miguuni pake. Niseme ukweli, njia nzima nilikuwa natumaini atakataa kumpokea. Atasema mwanangu, rudi naye, yamekwisha.

Aliinama taratibu kwa ajili ya mbavu, akafungua kile kitambaa. Kuku akajinyoosha, akaenda zake jikoni. Mama Nafula akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaingia ndani.