Wimbo Ambao Hakuna Aliyeukataza

Buganguzi, Muleba

Mjukuu wangu Kemilembe,

Huku hatujambo, waitu. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na kahawa imeanza kuiva.

Umeniuliza kama mwenzako wa chuo aliyeandika kejeli juu ya Waislamu anyamazishwe. Nikakumbuka harusi ya kaka yangu kule Kemondo, nikiwa msichana. Rwegasira, mpiga enanga, zeze letu la Kihaya, aliimba kwamba Waislamu huinama kama watu wanaotafuta sindano iliyopotea. Walutheri wenzetu wakacheka. Vijana wa Kiislamu wakainuka kwenda kuivunja enanga yake.

Jirani yetu Mama Zaituni, Mwislamu, akawazuia.

“Mwacheni aimbe. Lakini na mimi nitasema.” Akamgeukia. “Rwegasira, mama yako alipougua, kila alfajiri niliinama hivyo hivyo nikimwombea. Haya, endelea.”

Rwegasira akaanza wimbo mwingine.

Aliendelea kuimba harusini miaka mingi, hata kwa Waislamu. Wimbo ule hakuna aliyemkataza, wala hakuurudia.

Sheria za chuo chenu sizijui, mwanangu. Ila ningeomba hao waliokejeliwa wapewe nafasi ya kusema, naye akae awasikilize.

Mungu akutunze huko Dodoma.

Bibi yako,
Koku