Darubini ya Verlyn na Kulungu wa Baba

Jumatatu, 18 Novemba

Mdogo wangu Verlyn kanunua darubini inayoona joto! Kaingia nayo jikoni kwangu na buti zake za matope, kujigamba. Ukiielekeza msituni miti inakuwa myeusi, na kila chenye damu kinang'aa. Eti leo alfajiri kahesabu kulungu kumi na mmoja bila kushuka kwenye gari. Na dume kubwa linalala Mwerezini, kituo kilicho nyuma ya kambi yetu ya kuwinda. Msimu unafunguliwa Jumamosi.

Nikamwambia huko si kuwinda, ni kwenda buchani. "Dada, mimi naangalia tu. Kuangalia nako ni kosa?"

Ana miaka hamsini na nne, huyu. Nimeunguza maharage kwa hasira.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepiga simu ofisi ya wanyamapori. Jina la mtu sikutaja. Nimetaja kambi tu, nilipoulizwa ni wapi — mjinga mimi.

Ofisa ni mwanamke, sauti ya upole. Kuwinda nayo hapana, kasema. Lakini kuangalia siku chache kabla ya msimu... akavuta pumzi. Inategemea, mama. Inategemea mtu atafanya nini na alichokiona.

Inategemea! Zamani mnyama alikuwa na ukungu, na vichaka, na akili zake. Sasa damu yake mwenyewe inamchongea. Hilo nalo linategemea nini?

Alhamisi, 21 Novemba

Tumegombana, tena sana. Verlyn kasema ni kwa ajili ya Baba. Baba ana miaka themanini na sita, moyo unakwenda kwa betri, na daktari kasema huu ndio msimu wake wa mwisho. Miaka saba hajapata dume.

"Unataka aage kambi mikono mitupu, dada?"

Nikamjibu ni Baba huyohuyo aliyetufundisha kwamba mnyama lazima awe na nafasi ya kukushinda. Akijua, darubini hiyo itaishia ziwani.

"Basi usimwambie."

Hapo ndipo aliponichoma. Kwamba nimfiche Baba, kama mtoto mdogo!

Ijumaa, 22 Novemba

Kambini, sisi watatu. Theluji hadi vifundoni. Baada ya kula tukapiga kura ya vituo vya kuvizia kama kila mwaka: vikaratasi vitatu, kila kimoja na kituo chake, kwenye kofia ya babu, mkubwa anaanza, na kofia ikikutuma kwenye tope unakaa kwenye tope. Tangu enzi za babu hakuna aliyebadilishana.

Vikaratasi kaandika Verlyn.

Baba kachomoa chake, kakisogeza kwenye taa. "Mwerezini!" Tukampigia makofi.

Nikachomoa changu. Mwerezini.

Nikamtazama Verlyn. Yeye anatazama jiko. Baba ananisubiri, anatabasamu, miwani imeshuka puani. "Haya, Marlys, wewe wapi?"

"Bwawani," nikasema.

Mimi! Nimelitoa mdomoni kabla sijafikiri. Kikaratasi nikakitupa motoni. Verlyn hakuniambia hata asante — ningemrushia kijiko.

Jumamosi, 23 Novemba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, risasi moja. Nilikimbia kwenye theluji mpaka kifua kikaniuma. Baba kapiga magoti kando ya dume, pembe zenye ncha kumi, kavua kofia, analia.

"Hakuna aliyenipa, Marlys. Kofia ilinituma, nikakaa, akaja."

Tangu asubuhi kaisimulia mara nne. Verlyn ananikonyeza kila mara. Nina hasira naye, na nina hasira na nafsi yangu zaidi, kwa sababu nilifurahi. Nilifurahi sana! Sijamwona Baba hivi tangu Mama afariki.

Jumapili, 24 Novemba

Ofisa kaja. Tessmer, ndilo jina lake. Nimeitambua sauti kabla hajaketi. Kuna mtu wa kambi hii alipiga simu Jumanne, kasema, kuhusu darubini ya joto. Angependa kujua dume lilipatikanaje.

Verlyn kaniangalia, mdomo wazi. Hakujua.

Baba kacheka mpaka kakohoa. "Darubini? Binti yangu, hapa tunapiga kura! Muulize Marlys, tangu azaliwe hajui kusema uongo. Yeye akikwambia kuna ujanja, chukua dume, chukua leseni, na bunduki nakuletea mwenyewe."

Ofisa kasema sawa, atamuuliza Marlys.

Sasa Baba kamtoa nje kwanza, akamwonyeshe pembe. Naandika haraka haraka. Verlyn ananinong'oneza upande wa pili wa meza: sema Bwawani, dada, ulishasema Bwawani, sema tena tu, neno moja.

Wanakung'uta theluji mlangoni. Baba anamvutia kiti, hapa karibu yangu, anampangusia kwa mkono wake —