Mjukuu Kwenye Mizani ya Pweza

Bi Mwanahalima mshauri wetu, assalamu alaykum. Naomba unisaidie kabla watu wa nyumbani kwangu hawajagundua wenyewe, na jina langu nakusihi ulifiche.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, nipo Juani huku Mafia, nilikuwa nahodha mpaka goti lilipogoma, mke wangu Mungu amrehemu ameshatangulia, naishi na mwanangu Hafidhi na mkewe Safia na mjukuu wangu Taufiki wa miezi kumi, na Safia analima mwani, kwa hiyo maji ya bahari yakitoka tu yeye hushuka pwani na mimi ndiye nabaki na mtoto, na wallahi Bi Mwanahalima, katika mabaharia wote niliopata kuwa nao sijampenda mmoja kama huyu.

Sasa balaa limeanzia kwa jirani yangu Abeid, mtu niliyeshindana naye tangu ujana, nani kavua changu mkubwa, nani kaoa kwanza, nani kaota mvi mwisho, naye ana mjukuu wa kike, Faraja, mdogo kwa Taufiki kwa mwezi mzima lakini mnene mpaka mikono ina mikunjo, na kila tukikaa barazani Abeid humpakata akasema, "Wetu huyu anakula, sijui wenzetu mnawapa nini." Nikachemka! Tukawekeana ahadi ya miezi mitatu, kila Ijumaa baada ya swala tuwapeleke watoto dikoni, pale tunapouzia samaki, tuwapime kwa ile mizani ya kuning'iniza ya pweza, tena tuliiosha, na mama zao tukawaambia tunawapeleka kupunga upepo, na atakayeshindwa amwite mwenzake Nahodha mwezi mzima mbele za watu.

Ijumaa ya kwanza nikashindwa kwa kilo nzima. Shetani akanikumbusha mambo ya kazi. Pweza ukimloweka kwenye maji ya kisima anavimba na mizani inasema mengine, ni jambo la aibu na mnunuzi akikugundua hakutaki tena, lakini kila mvuvi wa huku analijua, basi nikajiambia, kwani mtoto naye si nyama vilevile? Ijumaa ya pili nikamnywesha soda ya chungwa nusu chupa kabla ya kupima, na kweli akapanda, ila akiwa bado ananing'inia akanikojolea kanzu yote ya Ijumaa, na Abeid akadai tupime upya.

Hapo nikaona maji hayakai, nikahamia kwenye vitu vizito, maziwa ya kopo yale matamu, biskuti zilizolowekwa kwenye soda, chai ya sukari tele, kila siku Safia akiwa pwani, na chupa naificha kwenye mfuko wa koti, mpaka siku moja Safia akaniuliza, "Baba, mbona koti lako lina sisimizi?" nikamwambia ni wageni wangu, awaache. Na mtoto akanenepa jamani, wiki ya tisa tukampita Faraja, nikarudi nyumbani natembea kama sina goti bovu.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya kliniki, nikawasindikiza. Nesi Devota, binti wa bara anayesema taratibu lakini macho hayapepesi, akamtazama mtoto, akatazama kadi, akampima damu, akasema kilo zinapanda mno na damu haitoshi. "Mama Taufiki, huyu anakula nini?" Safia akasema ananyonya, anakula uji, samaki wa kuponda na maharage. Nesi akasema, "Mama, usinidanganye. Mtoto huyu anapewa sukari." Akaeleza kwamba ubongo wa mtoto unajengwa umri huu na unataka chakula cha maana, na mwili uliozoeshwa sukari mapema unaweza kuja kusumbuliwa na unene ukubwani. Safia akalia mbele ya wanawake wote, na mimi nimesimama palepale, chupa iko mfukoni, nikakohoa.

Nyumbani Hafidhi akamwambia mkewe aache mwani akae na mwanawe, na mwani ndiyo kazi yake na anaipenda, bado anashuka pwani lakini ameinama tu tangu siku hiyo. Nimejaribu kukata soda kimyakimya, Taufiki analia mpaka sauti inakauka, samaki anamtema, na linaloniuma kuliko yote ni kwamba nikiingia ndani mtoto hanitazami usoni, anatazama mfuko wa koti. Nikisema ukweli wataninyang'anya mtoto, nami asubuhi sina mwingine wa kukaa naye. Je, siwezi kuacha polepole bila kumwambia mtu?

Nahodha mstaafu, Juani

BI MWANAHALIMA ANAJIBU

Shikamoo, Nahodha. Naitanguliza kabisa, maana huko mbele heshima itapungua.

Mjukuu wako umemloweka kama pweza! Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Umeishi juu ya samaki miaka sitini na nane, kisha mtoto wa nyumba hiyohiyo unamlisha biskuti za dukani, tena kwa ajili ya kuitwa jina ambalo tayari ni lako.

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, lakini sisimizi nimewaacha makusudi. Mkweo akishika gazeti hili akifika kwenye koti atakujua. Kwa hiyo swali lako limeshajibika. Huwezi kuacha kimyakimya, kwa sababu ukimya wako ndio unaomla Safia. Alisema kweli mbele ya watu akaitwa mwongo, na shahidi wake pekee alikuwa anakohoa. Leo hii, kabla hajashuka pwani, mwite, mwambie yote, chupa ukiwa umeishika mkononi. Mwanao umwambie baada yake, wala usianze na mwanao. Halafu nenda kwa nesi Devota na goti lako hilohilo, ukamwambie mbele ya wanawake walewale kwamba mama hakudanganya.

Sasa nisikilize kuhusu mtoto. Nesi amekwambia sawa. Miaka miwili hii ya mwanzo kichwa kinajengwa mbio, na kinataka damu ya kutosha, kinataka samaki, mayai, maini, maharage, mboga. Soda inajaza tumbo, chakula kinakosa pa kuingia, ndiyo maana unaona mtoto mnene na damu hana. Ulimi nao unajifunza sasa. Ukiufundisha sukari utaitafuta sukari Taufiki akiwa na miaka kumi, na akiwa na thelathini, na kilo hizo hamtazipima tena kwa ajili ya kujisifu. Sikwambii Taufiki ameharibika. Ana miezi kumi, bado mapema sana, na mtoto mwenye nyama mwilini si mgonjwa kwa hilo tu. Ila usije ukaruka upande wa pili ukamnyima chakula ili apungue! Nakujua sasa, utampima kila siku. Aendelee kunyonya, ale samaki aliyechambuliwa miba kwa tui, yai, kipande cha papai, na dawa ya damu kama nesi atakavyopanga. Samaki akimtema, mpe tena kesho, na keshokutwa. Mizani ya dikoni waachie pweza.

Abeid mwambie umeshindwa, na umwite Nahodha mwezi mzima, kwa sauti. Kisha mkalishe umuulize polepole Faraja anakula nini, maana mimi nina wasiwasi na koti lake pia.

Unaogopa kunyang'anywa mtoto. Huenda Safia akakaa siku kadhaa bila kukuachia. Ana haki, vumilia, usinune. Lakini sidhani kama mama anayeipenda kazi yake atamkataa babu aliyekiri kosa, akamsafisha jina mbele ya watu, akamwambia mwanawe kwamba mkewe haachi mwani.

Siku atakapokurudishia mtoto, koti liwe limefuliwa, limetundikwa mlangoni, mifuko yote imegeuzwa nje. Kaa naye chini kwenye mkeka. Atautafuta ule mfuko. Atalia, na wewe utatamani kukimbilia dukani. Usiinuke. Kesho yake atautafuta tena, na siku inayofuata. Kisha atachoka kutafuta, atanyanyua macho kuona ni nani huyu aliyekaa naye siku zote hizi. Uwepo hapo, Babu.