Wenzako wa Chuo Watakuja

Baba Twaiba,

Nimekwenda kununua samaki. Maharagwe yapo jikoni, yaangalie yasiungue. Viti nimevipanga barazani, usivirudishe ndani.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia Mwalimu Harrison kwenye simu kwamba wenzako wa chuo wasije leo, eti tuna wageni wengine. Wageni gani, mume wangu? Huo mkono unatetemeka, nawe hutaki wakuone ukimwaga chai. Basi nimempigia nikamwambia ukweli. Nisamehe, mdomo wangu unaujua. Alicheka sana! Akasema yeye anatembea kwa mkongojo, na Mwalimu Dama hasikii mpaka apigiwe kelele. Umbea mtamu hivyo, nawe hukuniambia!

~~Ukiona haya, jifungie chumbani.~~ Hapana, hilo nimelifuta. Uliponioa sikuwa na cheti hata kimoja, na ulinikalisha katikati ya walimu hao bila haya. Leo kaa nao, nami nitakaa ubavuni mwako.

Wameshatoka Kinango, kwa hivyo usipige simu tena. Wakibisha hodi kabla sijarudi, wafungulie wewe mwenyewe.

Mkeo,
Mama Twaiba